Mikole ya Juu

Prudence alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Musoma angeuweza: hakujua kunyamaza mbele ya mmea. Majirani zake wa Makoko walishamzoea. Ukimkaribisha chai ukasema ua lililoko pale dirishani ni asumini, anainuka, anachuma jani, analigeuza, kisha anakuambia si asumini bali ni ndugu yake, na kuanzia hapo mnasomeshwa mpaka chai inapoa. Alifundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi walimwita Madamu Jani nyuma ya mgongo wake, naye alijua, na kusema kweli jina alilipenda. Umri ulishavuka thelathini na kitu, mume hana, na shangazi zake wa Bunda walishachoka kumuuliza.

Siku moja mama yake, Yuliana, alimpigia simu kutoka kijijini, na katikati ya salamu akachomekea kwamba Jumamosi kuna kikao cha shamba. Nicolaus, mtoto wa marehemu Burito, alikuwa anadai mpaka. Burito alikuwa mdogo wake baba yake Prudence, na baba mwenyewe alishafariki zamani, kwa hiyo Yuliana angesimama peke yake mbele ya wazee wa ukoo wa mumewe.

"Nije, mama?"

"Uje kufanya nini? Kelele za shamba tu hizo. Kaa huko usahihishe madaftari yako."

Mtu mwingine angekaa. Prudence alipanda gari la asubuhi, akashuka Makutano, akachukua bodaboda hadi kijijini kwao nyuma ya Butiama, na njia nzima alikuwa anapanga hotuba. Mama yake mjane, mzee, anataka kunyang'anywa ardhi na kijana aliyekula ugali wake. Hasira ilimpanda hata akasahau kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye makorongo.

Nyumba ya Yuliana ilikuwa chini ya mteremko, na shamba lilipanda kutoka hapo kuelekea kwa Nicolaus. Kati ya familia hizo mbili kulikuwa na mistari miwili ya mikole, vile vichaka ambavyo kila mtoto wa Mara amevitafuna matunda yake akichunga. Mstari mmoja, mikole ya chini, ulipita karibu kabisa na nyumba, nyuma ya jiko. Mstari wa pili, mikole ya juu, ulikuwa mbali kidogo mteremkoni. Katikati ya mistari hiyo kulikuwa na kipande cha mihogo, na ndani ya mihogo kaburi moja la saruji. Hapo alilala Robi, dada yake mkubwa Prudence.

Nicolaus alisema mpaka ni mikole ya chini, kwa hiyo kipande ni chake. Yuliana alisema mpaka ni mikole ya juu. Mikole yenyewe haikumsaidia mtu. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika na mistari yote miwili ilikuwa imechanua maua yaleyale madogo ya njano, nyuki wanahama huku wanakwenda kule bila kuuliza shamba la nani. Hata unene haukusema kitu, maana moto wa kiangazi cha mwaka juzi uliteketeza mteremko mzima na yote ilichipua upya kwa pamoja.

Kikao kilikaa uani kwa Yuliana, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kigangoni. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, walikuwepo wazee, na mkubwa wao alikuwa mzee Felisian, binamu wa babu yake Prudence, mtu ambaye neno lake kuhusu mambo ya ukoo halikuwa na rufaa.

"Mimi sina ugomvi na mama mkubwa," Nicolaus alianza, kofia mkononi. "Huyu alinibebaga mgongoni. Lakini baba kabla hajafa aliniambia, mpaka wetu ni mikole ya chini. Akasema nisimsumbue mama mkubwa wakati yeye baba yuko hai. Sasa baba hayupo, na mimi nina watoto, nataka kujenga."

Yuliana hakuinuka. Alifunga vizuri kitenge chake na kusema akiwa amekaa.

"Baba yako alikuwa anaumwa, na mgonjwa anasemaga mengi. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Robi wangu amelala wapi? Si pale kwenye mihogo? Haya, niambieni, mzazi gani anaenda kuzika mtoto wake kwenye shamba la mtu mwingine?"

Wazee waliguna kukubali. Nicolaus aliangalia chini. Mwenyekiti alishaanza kuweka vizuri koti lake kama mtu anayejiandaa kufunga kikao, na kutoka jikoni ilisikika harufu ya kuku. Kesi ilikuwa imekwisha. Yuliana alikuwa ameshinda kwa maneno yasiyojaza kiganja, na kama kuna Mungu anayezuia midomo ya walimu, siku hiyo alikuwa na shughuli kwingine. Prudence alinyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Wazee wangu, shikamooni tena. Naomba niongeze ushahidi."

"Acha, mwanangu," Yuliana alisema upesi. "Kaburi linatosha."

"Mama, nataka jambo hili liishe moja kwa moja, lisije likarudi kesho kutwa." Aliwageukia wazee. "Si mnakumbuka habari ya babu Mseti na mikole ya mpaka?"

Nani asiyeikumbuka? Mseti alikuwa katekista mbishi. Alipogawiwa ardhi ile hakutaka kupanda mkole wa pale kilimani, maana alisema kesho mtu atakuja kudai umejiotea tu, umepandwa na ndege. Akatembea kwa miguu mpaka tambarare za Bunda, akarudi na miche ya mikole ya huko kwenye gunia lenye maji. Watu walimcheka miaka na miaka: mtu gani anafuata mkole Bunda wakati mbuzi wake wanalala juu ya mikole?

"Ndiyo, hiyo habari ni ya kweli kabisa," mzee Felisian alisema. "Lakini, mjukuu wangu, mkole ni mkole."

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake, na mzee wa watu alikuwa ameukanyaga. Prudence alitabasamu. Akaeleza kwamba mkole si mmoja. Mikole ni ukoo, kama wao pale walivyo ukoo: ndugu wanafanana sura, maua ya njano wote, lakini kila mmoja ana mama yake. Mkole wa kilimani ni mwingine na mkole wa tambarare ni mwingine. Matunda yangekuwepo, hata mtoto angeona, maana wa tambarare huzaa matunda yaliyoungana mawili mawili na wa kilimani huzaa moja moja. Na hata bila matunda, yeye anaweza kuujua kwa kuushika tu.

"Mstari utakaokuwa na mikole ya Bunda," alimalizia, "huo ndio aliopanda babu. Huo ndio mpaka. Mwingine ni wa ndege. Watu wanadanganya, wazee wangu, mmea haudanganyi."

Maneno yalikuwa matamu, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nicolaus aliulizwa kama anakubali, akasema dada Prudence ni mtoto wa mama mkubwa, ndiyo, lakini yeye anamwamini, hajawahi kumsikia akisema uongo. Yuliana aliulizwa. Alifungua fundo la kitenge, akalifunga upya, mpaka mwenyekiti akarudia swali.

"Huyu ndiye mwenye shule," alisema hatimaye. "Mimi nitasema nini?"

Prudence aliyasikia kama sifa. Alikuwa na haraka ya kupanda mteremko, na watu wakamfuata kupitia kwenye mihogo, wakalizunguka kaburi la Robi kwa adabu, hadi mikole ya juu. Alikwenda kule kwanza kwa sababu alitaka aanze na jibu. Alishika kijiti cha kwanza, akakizungusha kati ya vidole, na vidole vikamwambia kitu ambacho hakukitarajia. Kijiti kilikuwa na pembe. Pembe nne, wazi, kama kimechongwa.

Aligeuza jani. Chini yake lilikuwa la kijivu, lenye manyoya laini. Akaenda mkole wa pili, wa tatu, akaruka hadi mwisho wa mstari, akarudi. Pembe nne, pembe nne, kijivu. Hii ilikuwa mikole ya kilimani, ileile iliyojaa nyuma ya kanisa na kando ya barabara. Watu walimtazama wakisubiri. Wengine nao walichuma majani wakayageuza, wakaona jani tu.

"Twende na ya chini," alisema, na sauti yake haikuwa ileile.

Mikole ya chini ilikuwa na vijiti vya mviringo, na majani yake ukiyapindua yalikuwa meupe hasa, weupe wa unga uliomwagika. Mstari mzima. Hapa ndipo babu Mseti aliposimama na gunia lake. Prudence aliinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akijifanya anachunguza. Mama yake alikuwa amekosea. Au alikuwa amedanganya. Mikole ya kule juu ilikaa kwenye mstari ulionyooka mno, na ndege hawapandi kwa kamba.

Angeweza kudanganya. Hakuna hata mmoja pale angejua. Angesema "ya juu ni ya Bunda", wangepiga makofi, wangekwenda kula kuku. Aliinua macho akakutana na ya mama yake, na mama yake hakumkonyeza wala hakumwomba kwa lolote. Alikuwa amesimama mikono nyuma, uso mkavu. Uso ule ndio uliomkasirisha Prudence. Akajisemea: kwa hiyo mama alihamisha mpaka, akamwibia shemeji yake, na mimi nimeletwa hapa kuubariki wizi. Alisahau kwamba hakuletwa na mtu. Na kusema ule ukweli mwingine, alikuwa ameshajisifu mbele ya watu kwamba mmea haudanganyi, na heshima ya Madamu Jani ilikuwa kitu kikubwa kwake. Akapima gharama. Kipande cha mihogo. Kaburi Nicolaus asingelilima, si mtu wa hivyo. Mama angepoteza viroba kadhaa vya makopa ya muhogo, basi. Yeye mwenyewe angemnunulia unga kila mwezi.

"Mikole ya Bunda ni hii," alisema akisimama. "Ya chini. Mpaka wa babu ni huu hapa."

Minong'ono ilianza. Nicolaus alivaa kofia, akaivua tena. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

"Mama mkubwa, kaburi la dada mimi sitaligusa," alisema. "Nakuapia. Nitaliwekea na uzio."

Lakini mzee Felisian alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameegemea fimbo yake akiangalia mikole ya chini, kisha kaburi, kisha mikole tena, akifanya hesabu ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

"Kama mpaka ni hapa," alisema polepole, "basi yule mtoto alizikwa nje."

Wazee wengine waligeuka kulitazama kaburi. Prudence aliwaangalia mmoja mmoja na hakuelewa, halafu akaelewa. Katika ukoo wao, binti aliyeolewa akaachika, ng'ombe wake wakarudishwa, akifia nyumbani kwao halali ndani ya boma la baba yake. Hana mume wa kumzika na kwa baba alishaaga. Anatolewa nje ya mpaka, jioni, bila kilio kikubwa, na watu hawakai matanga. Wengi siku hizi wanaona aibu kulitaja jambo hilo, ila wanalifanya.

Robi alikuwa ameolewa Bunda, Kabasa, kwa mfanyabiashara mmoja aliyemrudisha alipoanza kuumwa. Alikufa wakati Prudence yuko bweni, katikati ya mtihani wa kidato cha sita, na hawakumwambia mpaka alipomaliza. Aliporudi alilikuta kaburi limo kwenye mihogo, na kule juu yake miche midogo ya mikole imefungiwa vijiti. Hakuuliza chochote. Kaburi lilikuwa nyumbani, alilia, akaondoka kwenda chuo.

"Nani alichimba?" mzee Felisian aliuliza.

"Burito," Yuliana alijibu. "Yeye na mfanyakazi wake, naye alishakufa. Ninyi mlikataa kuja. Mlisema ni kifo cha nje." Sauti yake haikupanda. "Burito alinionea huruma akanipa sehemu shambani kwake, jirani na mpaka. Kulipokucha siku ya tatu nikachimba miche ya mikole kule nyuma ya kanisa, nikaja kuipanda mteremkoni, kupita kaburi, kule ndani kwa Burito. Mimi nimezaliwa ziwani, nimekulia kwenye dagaa na furu. Ningejuaje kwamba mkole una ndugu? Nilijua mkole ni mpaka. Nikasema, nikiusogeza mpaka, mwanangu atakuwa ndani."

"Na Burito alinyamaza?"

"Alinikuta namwagilia. Akasimama, akaangalia, akaondoka. Mpaka kufa kwake hakunisemesha habari hiyo."

Nicolaus alikuwa amefunika uso kwa kofia. "Mzee," alisema, "mimi nafuta madai. Nampa mama mkubwa kipande chote. Mwandike hivyo."

Mzee Felisian alitikisa kichwa, na haikuwa kwa ukatili. Pengine ingekuwa afadhali kama angekuwa katili, mtu angepata wa kumchukia.

"Ardhi unaweza kumpa, alime, ni yako. Ila mpaka wa Mseti haumpi mtu. Tulipokuwa hatujui, tulikuwa hatujui, na yule mtoto alikuwa ndani. Sasa tumeonyeshwa na kila mmoja ameona. Mpaka ni huu. Akilala kule, amelala nje, shamba liwe la nani." Alimgeukia Prudence. "Tunashukuru kwa elimu, mjukuu wangu."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Prudence angetamani mzee amtemee mate yeye.

Kuku aliliwa na watu wachache, upesi, na vichwa chini. Kabla ya kuondoka wazee waliamua kwamba mikole ya juu ing'olewe, ili wajukuu wasije wakachanganyikiwa, na Nicolaus akatumwa jembe. Alilikataa. Akatafutwa mwingine.

Ndani ya nyumba Prudence alipiga magoti mbele ya mama yake, aliyekuwa anaosha sufuria kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Ungeniambia ningenyamaza. Ningesema ya juu, ningeapa."

"Nilikuambia usije. Ukaja. Nikakuambia uache. Ukasema unataka liishe." Yuliana alisugua masizi kwa mchanga. "Nikuambie nini kingine? Nikuambie dada yako alitupwa? Wewe ulikuwa unampenda sana. Nilitaka umkute ndani, basi, ujue yumo ndani kama watu."

"Nitaongea na paroko. Nitaongea na wazee, mama, hizi desturi zimepitwa na wakati, kuna sheria..."

"Ongea. Unajua kuongea."

Kutoka mteremkoni jembe lilikuwa linasikika likigonga mizizi. Prudence alilia mpaka kwikwi zikamshika, na mama yake hakumzuia wala hakumshika bega. Alipomaliza sufuria alijifuta mikono, akakaa kwenye kigoda, akamwangalia binti yake kwa mara ya kwanza tangu kikao kiishe. Hasira haikuwepo tena usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi siku yangu ikifika nitawekwa pale mlangoni, pembeni ya baba yenu," alisema. "Mimi niliolewa, wala sikuachika. Hakuna atakayenitoa. Lakini wewe mume huna, na kwa umri huo sioni kama unamtafuta. Asiyeolewa naye wanampeleka kulekule. Ile mikole niliipanda kwa ajili ya Robi, halafu miaka ilivyokwenda nikawa naitazama nasema, haya, hata huyu wa mwisho atapata mahali, nimeshamwekea. Ndiyo maana upande wa kushoto wa kaburi sijawahi kupanda muhogo."

Prudence aligeukia mlango, kule jembe lilikokuwa bado linagonga.

"Nenda sasa, magari ya Makutano yataisha," Yuliana alisema, akiinuka kumtafutia mfuko wa viazi vya kubeba, maana mtoto haondoki mikono mitupu. "Usilie. Huko nje angalau mtakuwa wawili."